Kondoo Waliokula Shamba Usiku

Mwalimu wetu aliandika swali kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, akarudi nyuma hatua mbili, akanyamaza. Nyuma ya mstari wa nyumba kuna uchochoro. Kila baada ya wiki mbili tatu hutupwa humo magodoro, kabati zilizovunjika na mafriji mabovu. Wakazi wa miaka mingi wamekasirika. Wewe ndiye diwani wao mpya. Utafanya nini?

Tulikuwa watu kumi na wanne, kinamama na vijana, katika ukumbi mdogo wa kukodi hapa Kenton, kaskazini magharibi mwa London. Ilikuwa Novemba 2025. Uchaguzi wa halmashauri za London ulikuwa umepangwa kufanyika Mei 2026, na mafunzo yale ya Jumamosi tatu yaliandaliwa kwa ajili ya watu wasioonekana sana kwenye viti vya madiwani. Mimi nina miaka 61 na sikuwa na nia ya kugombea. Jirani yangu aliniomba nimsindikize, nami nikakubali kwa sababu mambo ya watu wa mtaa nimeyaishi tangu utotoni, na nilitaka kujua siku hizi yanafundishwaje.

Wa kwanza kujibu alikuwa mzee mmoja wa Kigujarati aliyekuja kumsindikiza mkewe. Alisema kamera na faini. Wekeni kamera, mkamateni mmoja, mtozeni faini nzito, wengine wataogopa. Wengi tuliitikia kwa vichwa, mimi nikiwemo. Ni jibu la mtu aliyelipa kodi miaka hamsini na anayeamka asubuhi kukuta godoro la mtu asiyemjua mlangoni kwa gereji yake.

Kisha binti wa miaka 19, mtoto wa mama wa Mombasa anayefanya kazi ya kutunza wazee, akauliza swali. Hakujibu, aliuliza. Kuna mtu amewahi kuandika magodoro hutokea tarehe ngapi?

Hatukumwelewa. Akafafanua kwamba mtu halitupi godoro analolalia. Godoro hutoka nje siku mtu anapohama. Nyumba ikipangishwa chumba kimoja kimoja kwa familia nne au tano, kila mwezi kuna anayeondoka, hana gari, na ameambiwa chumba kiwe kitupu kabla ya saa sita mchana. Alijua hayo, alisema, kwa sababu wao walihama mara nne kabla hajatimiza miaka 12. Kwa hiyo yeye angeanza na kuuliza: nani amehama?

Ukumbi ulinyamaza kwa muda. Mimi niliondoka pale nikiwa na Nabii Sulaiman kichwani, na hadi leo hajatoka.

Niseme kwanza Kenton ni mahali gani, maana Mswahili akisikia London hufikiria Mnara wa Saa na mto. Hapa ni mbali na hayo. Ni nyumba za pacha pacha zilizojengwa baina ya vita viwili vikuu, wakati reli ilipowavuta watu kutoka katikati ya jiji kuja kutafuta bustani. Barabara Kuu ya Kenton ndiyo mpaka: upande mmoja ni halmashauri ya Harrow, upande wa pili ni Brent. Mimi na wifi yangu tunatazamana ng'ambo ya barabara, lakini takataka zetu hubebwa na magari tofauti na kodi zetu hulipwa mahali tofauti. Tumezungukwa na Wagujarati, na wengi wao ni watu wetu. Wapo walioondoka Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na wapo waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwezi Agosti 1972 wakapewa siku 90. Watu wapatao 28,000 walikuja Uingereza. Hekalu lao la Swaminarayan liko Westfield Lane, mwendo mfupi kutoka kwangu. Katika maduka yao muhogo unauzwa kwa jina la mogo, na bibi aliyezaliwa Kisumu akiniona nimefunga kilemba huniita dada na kuniuliza kwa Kiswahili safi kama nimepata barua kutoka nyumbani, kana kwamba barua bado zinaandikwa.

Jambo lingine ambalo wenzetu wengi hawalijui: Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeishi hapa kihalali, kwa kuwa nchi zetu zimo katika Jumuiya ya Madola, ana haki ya kupiga kura ya diwani hata kama hana pasipoti ya Uingereza. Akiwa na kibali cha kuishi bila kikomo anaweza hata kugombea. Umri ni miaka 18. Kabla ya 2007 ulikuwa 21. Wanawake waliruhusiwa kuingia mabaraza haya kwa sheria ya 1907. Milango iko wazi kisheria. Lakini kufunguliwa mlango hakumfanyi mtu aingie, na akiingia hajui akae wapi.

Ndiyo maana kuna mafunzo. Na hapa ndipo roho yangu ilipopata kigugumizi. Nyumbani nimeyaona mafunzo ya namna hii kwa miaka mingi. Tanzania tuna madiwani wanawake wa viti maalumu, wasiopungua theluthi moja. Uganda nayo ina theluthi yake ya wanawake katika mabaraza, na juu yake wawakilishi wawili wa vijana ambao angalau mmoja lazima awe mwanamke. Kenya katiba ya 2010 inakataza jinsia moja kuzidi theluthi mbili. Na kila viti vikipatikana, hufuata semina. Wanawake na vijana hukusanywa, hupewa kalamu na daftari, hufundishwa namna ya kutatua kero za wananchi. Sijawahi kusikia semina ya kuwafundisha wanaume wa makamo namna ya kutatua kero za wananchi. Kwao huhesabiwa kuwa wamezaliwa nayo, kama mtu anavyozaliwa na lugha ya mama, na sisi ndio wageni wa kujifunza sarufi.

Bibi Titi Mohamed hakupitia semina. Mwaka 1955 alipoanza kuwaingiza wanawake TANU alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam, na alipita kwenye vikundi vya ngoma vya kinamama akavigeuza kuwa jeshi la chama. Alijua nani anamsikiliza nani. Ujuzi huo aliutoa wapi?

Hilo ndilo swali lenyewe, na ni swali la dini kabla ya kuwa la siasa. Je, uwezo wa kutatua shida ya watu hufundishwa? Ukisema ndiyo, utanieleza vipi wasomi waliofaulu kila mtihani na bado wakiamua jambo la mtaa wanaacha mtaa umegawanyika? Ukisema hapana, ni kipaji, basi sisi kumi na wanne tulikuwa tunafanya nini pale na chai zetu?

Jioni ile nilitoa msahafu wa marehemu baba, ule wenye tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy ya mwaka 1969, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai. Nikafungua Sura ya Manabii, aya ya 78 na ya 79. Kisa chenyewe ni kifupi mno, kimebanwa kwenye aya hizo mbili, na wafasiri ndio waliotuelezea undani wake. Kondoo wa watu waliingia usiku katika shamba la mtu mwingine wakalila. Asubuhi mwenye shamba na mwenye kondoo walikwenda kwa Nabii Daudi, mfalme na hakimu. Daudi akapima hasara, akaona thamani ya mimea iliyoliwa inakaribia thamani ya kondoo, akahukumu kondoo wote wapewe mwenye shamba. Ni hukumu ya haki. Hesabu yake imelingana.

Walipotoka walikutana na Sulaiman, kijana. Wapo waliosema alikuwa na umri wa miaka 11. Akasema angekuwa yeye angehukumu vingine. Mwenye shamba achukue kondoo kwa muda, anywe maziwa yao, atumie sufu yao. Mwenye kondoo achukue shamba, alilime na kulihudumia mpaka lirudi kama lilivyokuwa usiku ule kabla halijaliwa. Siku hiyo ikifika kila mmoja amrudishie mwenzake mali yake. Daudi aliposikia akaipokea hukumu ya mwanawe.

Sasa tazama aya inavyosema. Haisemi Daudi alikosea. Inasema wote wawili walipewa hekima na elimu, lakini katika jambo hili Mwenyezi Mungu alimfahamisha Sulaiman. Fahamu. Neno hili tumelichukua kwa Waarabu na tukaliongezea kazi ambayo mimi naipenda sana: mtu akizimia tunasema amepoteza fahamu. Hatusemi amepoteza elimu. Mtu aliyezimia bado ana shahada zake zote. Alichokosa ni kuwa macho, kujua nani yuko karibu yake na nini kinatokea. Ndivyo ninavyoielewa aya. Daudi alikuwa na elimu ya haki. Sulaiman alikuwa macho kwa kitu kimoja zaidi: kwamba wale watu wawili ni majirani, na kesho yake wataamka bado majirani. Hukumu ya kwanza ingemwacha mmoja maskini na mwenzake na kundi la kondoo wanaolia usiku kucha karibu na nyumba ya aliyewapoteza.

Na uzuri mwingine wa hukumu ya Sulaiman ni huu, kwamba ndani yake kila kitu ni amana. Kondoo ni amana, shamba ni amana, na amana tabia yake ni kurudi kwa mwenyewe. Tunapenda kusema uongozi ni amana, tunalisema mpaka limekuwa kama salamu, lakini nadhani hatulifuati mpaka mwisho wake. Mtu anapomletea diwani shida yake, amemwekesha kitu. Diwani wa hapa Kenton hawezi kuamuru mtu. Hana polisi, hana gari la taka, analoweza ni kuwaandikia watumishi wa halmashauri, kuuliza barazani, na kuwaita watu wakae pamoja. Shida nyingi hatazimaliza. Lakini anaweza kumrudishia mtu amana yake: mama, nilikwenda, nikauliza mara tatu, jibu ni hili, na sikubaliani nalo, lakini ndilo. Mama huyo ataondoka na shida yake mkononi na heshima yake kichwani. Kinachoua imani ya watu ni shida iliyopokelewa kwa tabasamu na haikurudi tena, hata kwa neno.

Mama yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, mfumo ulioletwa na TANU miaka ya 1960. Tuliishi Ngamiani, Tanga, ambako barabara zimepewa namba badala ya majina. Mama hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani. Ofisi yake ilikuwa baraza ya nyumba yetu, ile ya udongo na chokaa, na mimi nilichukulia kuwa jambo la kawaida kwamba neno moja linataja mahali pa kukaa nje ya mlango na pia mkutano wa watu wanaoamua. Nilipokuja Uingereza ndipo nilipoona maana yake. Nyumba za Kenton hazina baraza. Kuna ua mdogo, siku hizi umesakafiwa gari lisimame, kisha mlango, kisha pazia. Unaweza kukaa miaka kumi usijue jirani wa pili ana watoto wangapi. Baraza zipo, za Harrow na za Brent, zina viti na vipaza sauti, lakini hazina mizizi mlangoni kwa mtu.

Kule Ngamiani kulikuwa na ugomvi wa bomba. Bomba moja, mitaa mitatu, na maji yalitoka alfajiri mpaka saa mbili asubuhi. Wanaume wa tawi la chama walikaa wakaamua kila nyumba ndoo mbili kwa zamu, kuanzia nyumba ya kwanza. Hesabu yao ililingana, kama ya Daudi. Wiki haikuisha, kinamama wakamwagiana maji. Mama alitoka siku tatu mfululizo kabla ya adhana, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, hakusema kitu. Siku ya nne akapanga upya. Muuza vitumbua achote wa kwanza, kwa sababu biashara yake inaanza kabla ya jua, na kwa malipo ya kutangulia afagie pale bombani na kuzibua mtaro, kazi ambayo hakuna aliyekuwa anaifanya. Wenye watoto wa shule wafuate. Bibi zetu waje mwisho, wasisimame kwenye tope, na vijana wawabebee. Mpango ule ulidumu miaka.

Nani alimfundisha? Ninaamini zile alfajiri tatu ndizo zilizomfundisha. Wanaume wa tawi hawakuwa wajinga wala wabaya. Ila uamuzi wao ulipokwisha kutolewa wao walirudi kulala, na ulibaki na wanawake bombani. Aliye karibu na kinachobaki baada ya uamuzi ndiye mwenye nafasi ya kupata fahamu yake. Kwa sababu hiyo nawataka wanawake na vijana katika mabaraza. Nasikia watu wakisema wawekwe ili picha ipendeze, au kwa kuwahurumia, na maneno hayo yananiuma. Binti wa miaka 19 aliyehamishwa mara nne anajua kuhusu uchochoro ule kitu ambacho mwenye gereji hawezi kukijua, hata awe mwema namna gani.

Basi mafunzo yana kazi gani? Nimelifikiria hili kwa muda mrefu na nimekuja kuona kwamba yana kazi moja kubwa, nayo si ile iliyoandikwa kwenye ratiba. Tulifundishwa mambo ya lazima: kanuni za mkutano, bajeti inavyosomwa, barua inavyoandikwa, nini ni kazi ya halmashauri na nini si yake. Ni elimu, na asiyekuwa nayo atachezewa. Lakini kitu kilichonibadilisha kilitokea baada ya swali la binti yule. Yule mzee wa kamera alikaa kimya, mikono kifuani, kisha akamgeukia akamuuliza taratibu: sasa gari la kubebea nani atalipa? Yeye alikuwa fundi ujenzi, aliendesha gari la mizigo miaka thelathini. Kwa nusu saa wakakaa wawili pale, huku sisi tumesogeza viti, wakipanga. Mwenye nyumba ndiye anayefaidika na chumba kuwa kitupu saa sita, basi mwenye nyumba achangie gari. Wapangaji wasaidie kusafisha uchochoro Jumamosi moja, watu wa gereji wawepo, wajuane majina. Kamera, mzee alisema, ingoje. Mkewe alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Huyo ndiye Daudi aliyeipokea hukumu. Tunamsifu Sulaiman na tunamsahau baba yake, mfalme na nabii, aliyesikia mtoto akisema vingine na hakumwambia nyamaza. Laiti ningepewa kazi ya kupanga mafunzo haya, hapa na nyumbani, nisingewakusanya wanawake na vijana peke yao. Nusu ya viti ningewapa waliokwisha kukaa madarakani, na somo lao lingekuwa moja, kupokea. Katika Kurani kuna sura nzima inayofunguka kwa malalamiko ya mwanamke mmoja, Khaula binti Thaalaba, aliyekwenda kumshtaki mumewe na hakuondoka mpaka amesikilizwa. Na inasimuliwa kwamba miaka baadaye, akiwa ajuza, alimsimamisha Khalifa Umar njiani na kumwasa kwa kirefu, na Umar akasimama muda wote huo, watu wake wakishangaa. Umar alikuwa amejifunza kusimama.

Lakini sitaki msomaji aondoke akidhani fahamu ni mali ya mwanamke au ya kijana kwa kuzaliwa. Mama yangu naye alihukumu vibaya, na mimi ni shahidi.

Ilikuwa kama mwaka 1975. Bei ya mkonge ilikuwa imeanguka na mashamba ya Tanga yalikuwa yanapunguza watu. Mjane mmoja, mtu wa bara, alikuja kutoka shambani akapanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baada ya wiki chache kinamama wakamshtaki kwa Mama kwamba anachota ndoo nyingi kuliko haki yake na anauza maji. Mama alikuwa amechoka, mdogo wangu anaumwa homa. Safari hii hakwenda kukaa juu ya ndoo. Alimwita yule mama barazani, akamwambia asije bombani asubuhi, achote yakibaki. Yule mama hakujitetea. Kiswahili chake kilikuwa kizito, na sisi watoto tulikuwa tunamcheka.

Hakuwa anauza. Alikuwa anampelekea maji kikongwe mmoja kipofu wa mtaa wa nyuma, ambaye hakuwa na mtu. Mama aliyajua hayo mwezi mmoja baadaye, kikongwe alipotuma mtoto kuuliza kwa nini siku hizi haletewi maji. Wakati huo yule mjane alikuwa amekwisha kuhama. Watu walimwona akipita alfajiri na godoro lake la sufi kichwani.

Mimi nilikuwa nimejua tangu mwanzo. Nilimwona mara nyingi nikienda chuoni, akiingia kwa yule kikongwe na ndoo, akitoka nayo tupu. Siku ya hukumu nilikuwa nimekaa pale pale kwenye ukingo wa baraza, nachambua mchele. Nilikuwa na miaka 11. Hakuna aliyeniuliza, nami sikudhani mtoto anaweza kusema mbele ya watu wazima.

Mwaka wa mwisho wa uhai wake Mama alikuwa anasahau mengi. Nilikuwa nampigia simu kila Ijumaa kutoka jikoni kwangu, hapa Kenton, na mara nyingine alikuwa ananiita kwa jina la dada yake. Ijumaa moja, katikati ya mazungumzo ya mambo mengine kabisa, sauti yake ikarudi kuwa ile ya zamani, ya balozi, akaniuliza:

"Mwanangu, yule mama wa godoro, alihamia wapi?"

Nikamwambia sijui, Mama. Akasema niulize ulize. Nikamwitikia, na bado sikumwambia kwamba nilikuwa nimemwona na ndoo.